Upande wa Kushoto wa Rufin

Jumatatu, 3 Septemba 1962

Kilo 74.2. Kocha Dworak ametugawia madaftari, kila bondia lake. Anataka uzito, raundi, chakula na usingizi. "Na muandike kweli," akasema, "maana mizani haina urafiki na mtu." Basi, nina kilo tatu na ushee za kupunguza. Mama amepika matonge ya viazi na mchuzi wa nyama. Nimekula mawili, nimeacha sita. Amenuna.

Mapambano yangu hadi leo ni 187, nimeshinda 169. Bingwa wa taifa mara mbili, shaba ya Ulaya mara moja. Kwenye vitabu vya mgodi mimi ni Ewald Pytel, fundi umeme wa zamu ya asubuhi. Mafundi wenzangu hunipungia mkono ninapopita nikikimbia. Sijawahi kuuliza ni nani anayefanya kazi yangu.

Jumatano, 5 Septemba

Kilo 73.8. Mvua. Kilomita kumi.

Jumapili, 9 Septemba

Rufin Gawlas ameshuka uzito. Miaka yote yeye alikuwa wa kilo 75 na mimi wa 71, ndiyo maana tumekuwa marafiki: tulipigana kila siku mazoezini bila kugombea kitu. Sasa kwenye 75 kuna kijana wa mji mkuu asiyepigika, na Rufin ana miaka ishirini na tisa. Amekonda hadi mashavu yameingia ndani.

Bwana Lisowicz, katibu wa klabu, alituita wote wawili ofisini. Klabu moja, uzito mmoja, mtu mmoja. Mchujo ni tarehe 18 Novemba kwenye ukumbi wetu. Mshindi anaingia ubingwa wa taifa wa Machi, na akishinda anakwenda ubingwa wa Ulaya Mei. Juu yake mgodi unampa flati katika majengo mapya: vyumba viwili, bafu, ghorofa ya nne.

Tulipotoka Rufin alinipiga begani. "Pole sana, bingwa. Truda ana mimba ya miezi minne, na tunalala chumba kimoja na mama mkwe anayekoroma kama mashine ya kuchimbia makaa. Sikupigi kwa chuki, ndugu yangu. Nakupiga kwa usingizi."

Nilicheka. Lakini nyumbani niliyatazama masizi ya jiko letu ukutani, nikamsikiliza mama akikohoa, na hilo bafu nililiona mbele yangu na mabomba yake yote.

Jumanne, 18 Septemba

Kilo 73. Raundi sita na Rufin. Alinipiga vizuri.

Jumapili, 23 Septemba

Baada ya misa nilikwenda kwa Rufin. Ana njiwa ishirini na wawili kwenye banda juu ya stoo ya makaa, na Jumapili huwezi kumpata kwingine. Alikuwa akisubiri jike mmoja arudi kutoka kwenye mashindano. Ndege akatua ubaoni, upande wake wa kushoto. Rufin akanyoosha mkono, akashika hewa. Akanyoosha tena, akashika hewa tena. Njiwa mwenyewe hakusogea hata unyoya.

"Umelewa?" nikamtania.

Hakucheka. Alifunga mlango wa banda, ingawa ndani hakukuwa na mtu ila sisi na ndege. Akaniambia kwamba tangu Julai jicho la kushoto linaona cheche, halafu vumbi jeusi, na sasa kuna kama pazia linalovutwa kutoka pembeni.

"Mwone daktari."

"Nimwone, aniandikie kwamba ndondi basi? Halafu nimwambie nini Truda? Msimu mmoja tu, Ewald. Nikipata flati nitakwenda kwa madaktari wote wa Poland, hata wa wanyama. Niapie hutasema."

Niliapa. Nilijiona mtu mwema sana niliposhuka ngazi ile.

Jumatatu, 1 Oktoba

Kesho ni uchunguzi wa daktari wa klabu. Rufin aliniomba nikaingie mapema kwa kisingizio cha kifundo cha mkono, ninakili herufi za ubao wa kupimia macho, mistari mitatu ya chini. Nimenakili. Tulikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, mimi nikisoma, yeye akikariri kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Jumanne, 2 Oktoba

Rufin amepita. "Macho ya mwewe," daktari alisema. Rufin alinikonyeza. Kwa jicho la kulia.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kilo 72.1. Njaa. Nimemkaripia mama bila sababu.

Alhamisi, 25 Oktoba

Raundi tano na Rufin. Sikutupa mkono wa kulia hata mara moja. Kocha Dworak akasimamisha mazoezi: "Wewe Pytel, mkono wa kulia umeuacha nyumbani kwa mama?" Nikasema kifundo kinauma. Kifundo hakiumi. Mkono wangu wa kulia huenda kwenye upande wake wa kushoto, basi.

Ninapoandika haya najiuliza kwa nini simwambii Kocha. Jibu la kwanza: niliapa. Jibu la pili silipendi. Rufin akiondolewa na daktari watu watasema Pytel alimwogopa, akamchongea. Jina langu lingechafuka. Nimeliweka jicho la rafiki yangu upande mmoja wa mizani, na upande wa pili jina langu, na mizani haikuniambia ninachotaka kusikia.

Jumatano, 7 Novemba

Kilo 71.4. Theluji ya kwanza, imegeuka matope meusi kabla ya saa sita.

Jumamosi, 17 Novemba

Kilo 70.9. Kesho. Nimeamua: nitapigana kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nitaupeleka tumboni. Nikishinda hivyo, halali. Nikishindwa, halali.

Jumapili, 18 Novemba

Saa tano asubuhi. Ukumbi umejaa hadi madirishani, wachimbaji wamekuja na wake zao wakitoka kanisani. Kocha Dworak alikataa kukaa kwenye kona yoyote. Alikaa peke yake safu ya kwanza, mikono kifuani.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Rufin. Alinisoma kama gazeti. Mkono wangu wa kushoto aliujua miaka kumi, kila ukija anaupangusa kama nzi. Raundi ya pili ikawa ya Rufin vilevile. Nilisikia watu wakiimba jina lake, watu walewale ambao kwa miaka mitano waliimba langu. Nilikaa kwenye kiti na maji yakanipita kidevuni, nikamwona Truda safu ya tatu, kofia ya kijani, mikono miwili juu ya tumbo, akitabasamu. Nikafikiri: wamekwisha kuhamia ile flati.

Kengele ya tatu. Tulikwenda kama dakika moja. Alinipiga moja safi ya pua, ukumbi ukalia. Na mkono wangu wa kulia ukaondoka.

Konde hilo la kwanza naweza kusema ni mkono tu. Miaka kumi na miwili ya mazoezi, mkono haukuulizi. Liliingia kama mtu anavyoingia nyumba isiyo na mlango. Rufin hakuinua glovu, hakurudisha kichwa, hakuona kitu. Alishangaa. Nilimwona akishangaa.

Konde la pili siwezi kusema ni mkono. Kabla ya la pili nilifikiri. Nilizunguka hatua mbili kuelekea kushoto kwake, mahali pale pale pa pazia, nikasimama humo kama mwizi aliyesimama nyuma ya pazia la kweli, nikapiga. Na baada ya hapo mengine. Mengine siyaandiki. Refa akamhesabia nane akiwa amesimama. Kengele.

Majaji wawili kwangu, mmoja kwake.

Rufin alinikumbatia. Jicho lilikwisha kufumba. "Hongera, mshenzi wee," akanisemea sikioni. "Umeutoa wapi mkono huo?"

Jumatatu, 19 Novemba

Kilo sijapima.

Alhamisi, 22 Novemba

Rufin ameamka haoni kitu upande ule. Wamempeleka hospitali kubwa ya mkoa. Truda alikuja hapa na theluji kwenye viatu. "Shemeji, wanasema utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Wanasema ni wa zamani, ulikuwa umeanza kabla. Wewe ulijua?"

"Sikujua," nikasema.

Mama alikuwa akimenya viazi. Alininyanyulia macho, akaendelea kumenya.

Jumanne, 4 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji. Bendi ya mgodi imezunguka mitaa yote tangu alfajiri. Bwana Lisowicz alinipandisha jukwaani, akanipa karatasi ya flati mbele ya watu mia nne. Wakapiga makofi. Nilishukuru. Ningeweza kusema neno moja pale, kipaza sauti kilikuwa mbele yangu.

Alasiri nilikwenda hospitali. Wamempasua mara mbili, haikushika. Amelala na mifuko ya mchanga pande zote za kichwa asitikisike.

"Nimesikia umepewa," alisema. "Vizuri. Ingekwenda kwa mtu mwingine ningekufa kwa wivu. Usiweke sura hiyo, Ewald. Ni ujinga wangu mwenyewe. Wewe ulinionya, nikakuapisha. Ngumi ni ngumi, itapiga wapi? Miguuni?"

Kwa hiyo hajui. Anadhani ni bahati mbaya. Nilimmenyea chungwa. Mikono yangu ilinuka chungwa njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 24 Desemba

Truda alitualika mimi na mama. Samaki, kabichi, mama mkwe akisimamia sala. Kabla ya kula tunamegeana ule mkate mwembamba wa Krismasi, kila mtu na kila mtu, tunatakiana heri na kuombana radhi. Rufin alikuja kwangu na kitambaa chake cheusi jichoni.

"Nisamehe kama nimekukosea mwaka huu."

"Wewe ndiye unisamehe mimi."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Kwa jumla jumla, kama dukani!" Akacheka, akaumega wangu.

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi, nami nikaupita bila kuingia.

Jumapili, 20 Januari 1963

Baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Wazee wanasema hawajaona tangu vita. Ufunguo wa flati uko kwenye droo. Mabomba ya jengo jipya yameganda, tutahamia theluji ikiyeyuka. Mama amekwisha kufunga glasi zake kwenye magazeti.

Ligi: nimeshinda kwa pointi. Pambano la 191.

Jumapili, 27 Januari

Rufin amekuja ukumbini kwa miguu yake. Amemwomba Kocha Dworak akae kwenye kona yangu: taulo, ndoo, maneno. "Siwezi kukaa nyumbani kuhesabu njiwa," alisema. "Na huyu namjua kuliko mama yake." Kocha akanitazama. Nikakubali kwa kichwa.

Jumapili, 3 Februari

Nimeshinda. Rufin kwenye kona ni bora kuliko mtu yeyote niliyewahi kuwa naye. Ana jicho moja na anaona kila kitu. Kati ya raundi ananipangusa uso taratibu kama anapangusa njiwa, ananiambia, "Anashusha mkono wa kushoto akichoka, mpitie hapo."

Jumapili, 10 Februari

Nimeshinda.

Jumapili, 17 Februari

Nimeshinda. Truda alijifungua jana, mtoto wa kike, Felicja. Rufin alikuja ukumbini amelewa kwa furaha, hakulala. Anataka mimi niwe baba wa ubatizo.

"Tafuta mtu mwingine," nikamwambia.

"Nani? Lisowicz? Mtoto wangu akue na masharubu kama yake?"

Nimekubali. Kila ninapokubali jambo, kesho yake linakuja kubwa zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Ubatizo. Nilimshika Felicja mikononi. Padri aliuliza kama namkataa mwovu na matendo yake yote na fahari zake zote. Inabidi kujibu kwa sauti. Nilijibu, na sauti yangu ikaenda hadi darini ikarudi. Mama alikuwa nyuma yangu. Tulipotoka alisema kwa upole, bila kunitazama, "Ewald, nilizaa mtoto mmoja tu, na sauti yake ninaijua. Siku ile Truda alipokuuliza, hukuwa wewe uliyejibu."

Jumapili, 17 Machi

Fainali ya ubingwa wa taifa. Naandika nikiwa kwenye treni ya kurudi, behewa linatikisika, nisamehewe mwandiko.

Asubuhi, chumba cha kubadilishia nguo. Kocha Dworak alikuwa nje akibishana na wasimamizi wa glovu. Mimi nimekaa mezani, Rufin anaifunga mikono yangu bendeji. Alimaliza wa kushoto. Akaanza wa kulia, ule ule, akiuzungusha vizuri, akiuliza kama unabana. Nikasikia maneno yanatoka.

"Novemba nilikwenda upande wako wa kushoto makusudi. Nilikuwa ninashindwa. Nilikumbuka jicho, nikapiga hapo."

Alidhani natania. Halafu akaona sitanii.

Alitazama mkono wangu aliokuwa ameushika. Nilingoja aniachie, au anipige. Ningeshukuru angenipiga. Aliendelea kufunga. Alipitisha bendeji katikati ya vidole, mmoja mmoja, akazungusha kifundo mara tatu, akakata kwa mkasi, akabandika plasta, akaibonyeza kwa dole gumba ishike. Kazi safi. Kisha akaweka mkasi mezani, akavaa koti, akatoka.

Kocha Dworak aliingia. "Gawlas yuko wapi?"

"Ameondoka. Nimemwambia kwamba nilijua kuhusu jicho, na kwamba nilipiga hapo kwa kujua."

Mzee alikaa kwenye benchi. "Nilikuona siku ile," alisema. "Nilidhani umeligundua palepale ulingoni. Hilo ni ndondi, hata mimi ningelifanya. Lakini kulijua tangu kabla..." Akachukua ndoo. "Na leo ndiyo siku uliyoichagua kumwambia. Inuka. Tunaitwa."

Nimeshinda, majaji watano kwa sifuri. Ubingwa wa tatu. Kati ya raundi Kocha alinipa maji bila neno. Watu walinibeba mabegani, na mimi kutoka juu kule nilikuwa nikimtafuta mtu mwenye kitambaa cheusi. Hakuwepo.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Lisowicz na nimemweleza yote. Nilitaka anifokee. Alinimiminia chai. "Bondia anapiga panapouma, Pytel. Ungempiga panapopendeza? Nenda kapumzike, jina lako limeingia kwenye orodha ya Ulaya." Hakuna mtu mwenye kunihukumu isipokuwa yule asiyetaka kuniona.

Jumapili, 31 Machi

Truda amekuja. Hakukaa.

"Alinieleza yote usiku ule ule, na tangu hapo wiki mbili hazungumzi," alisema. "Chakula hali, hapandi kwa njiwa. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza jicho, shemeji, lakini alikuwa analala. Alikuwa anasema ni bahati mbaya, analala. Sasa analala nani? Wewe?"

"Nilitaka kusema kweli."

"Ulitaka kuutua mzigo. Ukaangalia huku na huku, ukamwona yeye, ukamtwika. Wakati wa kweli ulikuwa Septemba. Kweli ilikuwa nilipokuuliza hapa hapa, mimi nikiwa na theluji miguuni." Akamgeukia mama. "Samahani, mama."

"Usiniombe samahani," mama alisema.

Nilifungua droo nikatoa ufunguo, nikaona aibu, maana nilijua unaonekana kama malipo.

"Rufin hatautaka," nikasema.

"Rufin ana heshima zake. Mimi nina mtoto anayelala kwenye kikapu chini ya kitanda cha bibi yake." Akanyoosha mkono. "Lete. Na usidhani umenunua kitu."

Truda alipoondoka, mama alianza kufungua glasi zake kutoka kwenye magazeti, akizirudisha kabatini moja moja. Alipofika ya mwisho alisema, "Ungekuwa mdogo ningekuchapa." Halafu akaniwekea supu.

Jumatatu, 1 Aprili

Ofisi ya nyumba ya mgodi. Fomu nne, mihuri sita. Karani aliuliza sababu ya kuhamisha haki ya flati. Niliandika: "Ilikuwa yake."

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Nilimwona Rufin kanisani, safu tano mbele. Hakugeuka.

Jumanne, 30 Aprili

Kilo 71. Ubingwa wa Ulaya bado wiki tatu. Nilimwambia Kocha Dworak najitoa. Alisema, "Jitoe. Halafu utamwambia Gawlas jicho lake lilikwenda kwa ajili ya nini?" Nimerudi mazoezini.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi binamu yake Truda alibisha mlango: wanahama, na kaka zake walioahidi kubeba hawajaonekana. Truda anauliza kama nina mikono. Nilikwenda.

Rufin alikuwa chini ya jengo jipya, amesimama kando ya kabati la nguo la mama mkwe, la mwaloni, zito kama dhambi za mji mzima. Aliponiona alimtazama mke wake. Truda alikuwa na Felicja begani. "Halitapanda lenyewe," akasema, akaingia ndani.

Tulishika. Yeye chini, mimi juu, nikipanda kinyumenyume. Ngazi ni nyembamba na zina kona. Mtu mwenye jicho moja hajui ngazi iko umbali gani, na kabati limemziba hata lile moja. Mara ya kwanza alijikwaa, goti likagonga zege.

"Ngazi," nikasema. "Ngazi. Ngazi. Hapa ni pana. Sasa kona, kushoto kwako. Kushoto zaidi. Ukuta uko karibu na kiwiko."

Alifuata. Hakunitazama, lakini mguu wake ulikanyaga pale nilipotaja. Ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili. Nilimsikia akipumua. Mimi niliongea tu, ngazi baada ya ngazi, sijawahi kuongea kwa makini hivyo maishani mwangu.

Ghorofa ya tatu alisema, "Weka."

Tukaweka. Tulisimama, kabati katikati yetu. Jasho lilimtiririka chini ya kitambaa. Kwa muda mrefu alisoma matangazo ya jengo ukutani.

"Ulipiga ngumi ngapi upande ule?" akauliza.

"Saba."

"Mimi nilihesabu tano."

"Zilikuwa saba, Rufin."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa hesabu anayoijua. Juu yetu Felicja alikuwa akilia, na Truda akitembea naye kwenye vyumba vitupu, nyayo zake zikisikika kutoka kimoja hadi kingine. Rufin alipangusa viganja kwenye suruali, akainama, akashika upande wake.

"Bado ghorofa moja," alisema. "Nisemee ngazi."